Gari la Kwenda Chemba

Mwiba ni kitu kidogo. Huingia kimya, na anayepuuza kuuchomoa mapema atakuja kutembelea fimbo. Ndivyo ilivyomfika Respicius, mhariri wa habari wa redio moja mjini Dodoma.

Ursula alikuwa amesomea uandishi wa habari na kufaulu vizuri, lakini mwaka wa tatu sasa alikuwa akitangaza kipindi cha mapishi katika redio hiyo. Kila kikao cha asubuhi wanaume waligawiwa habari za Bunge, maji na ardhi. Yeye aliulizwa kama chai imeshaagizwa. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Siku ilipoletwa habari ya mgogoro wa ardhi katika kijiji kimoja cha Chemba, moyo wake uliruka. Huko ndiko kwao, na bibi zake huko huzungumza Kisandawe zaidi kuliko Kiswahili.

"Mzee, hii naomba niende mimi."

"Chemba mbali, dada," alisema Respicius. "Mkilala huko, mumeo atanielewaje?"

"Sina mume, mzee."

"Basi ndiyo maana. Utampataje ukilala Chemba?"

Wenzake wakacheka. Ursula akameza hasira. "Haya, aende Denis. Lakini mkalimani asiwe mwenyekiti wa kijiji, maana yeye ndiye analalamikiwa."

"Hayo madogo. Hebu angalia kama chai imefika."

Denis akaenda. Mwenyekiti alimpokea kwa bashasha, akamchinjia kuku, kisha akajitolea kutafsiri. Bibi mmoja mjane alizungumza kwa uchungu mbele ya kinasa sauti. Mwenyekiti akatabasamu: "Anasema wanashukuru, mgogoro umekwisha."

Asubuhi habari ikaruka hewani, sauti ya bibi ikitangulia, tafsiri ikifuata. Ursula alishika kichwa. Bibi alikuwa amesema: "Ameuza shamba la marehemu mume wangu, naye ndiye huyu hapa anacheka." Chemba nzima ilimsikia na kumwelewa. Simu za redio hazikupumzika, na mkurugenzi akamwita Respicius ofisini kwake.

Alitoka amenywea kama kuku aliyenyeshewa. "Dada Ursula, nenda ukarekodi upya. Wewe mwanamke, utawatuliza. Denis ataisoma."

Hata sasa! Ursula alitamani kulia, akacheka. "Nikienda, naenda kama mwandishi na nitaisoma mwenyewe, kwa jina langu. La sivyo, Denis njia anaijua."

Simu ikalia tena. Respicius aliitazama, kisha akamwita dereva.

Kesho yake jioni wasikilizaji walimsikia Respicius akiomba radhi, kisha Ursula akisimulia habari ya yule bibi, neno kwa neno. Mkurugenzi akamvua Respicius kazi ya kugawa habari. Katika kikao kilichofuata Respicius aliuliza nani ameagiza chai. Wote wakamgeukia yeye. Akainuka kwenda kuiagiza mwenyewe, akiburuta miguu.

Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.