Bi Nguchiro na Ajenda ya Mengineyo

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na miji, na miji ilikuwa na mabaraza, na mabaraza yalikuwa na mihuri mikubwa kuliko kazi zake, palikuwa na mji ukiitwa Kandokando. Wakubwa waliishi juu, Mlimani, penye kivuli na upepo. Wadogo waliishi chini, Bondeni, penye kila kinachoteremka kutoka Mlimani.

Huko Bondeni ndiko alikokaa Bi Nguchiro. Mkia juu, pua mbele, mdomo hautulii. Nyumba yake ilikuwa shimo safi kando ya barabara, na ndani yake mlikuwa na watoto wanne wachanga, hata macho hawajafumbua.

Sasa, chini ya barabara ile palipita kalavati, yaani lile bomba pana la kupitishia maji ya mvua. Na ndani ya kalavati lilikwama gogo. Si kijiti, gogo! Limeshikana na tope na takataka za Mlimani, limeziba ndi! Masika ya mwaka uliopita, maji yalipokosa njia yaligeuka yakaingia majumbani mwa watu. Bi Nguchiro aliwahamisha wanawe wa wakati ule kwa mdomo, mmoja mmoja, akikimbia na kurudi, akikimbia na kurudi. Wa mwisho hakumwahi.

Mwaka huu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya tena.

Wadogo wa Bondeni walijaribu wenyewe. Panyabuku, jirani yake, alileta kamba, wakajipanga kumi na wawili, wakavuta. Hooo, hop! Hooo, hop! Kamba ikakatika tap! wote wakaanguka chali.

“Hili,” akasema Panyabuku akijifuta tope masharubuni, “ni la serikali.”

“Basi nakwenda serikalini,” akasema Bi Nguchiro.

“Nenda, dada. Ukirudi utanikuta bado najifuta.”

Akaenda. Kwanza kwa Kiboko, mkuu wa Idara ya Maji, ambaye ofisi yake ilikuwa dimbwi na meza yake ilikuwa tumbo lake.

“Hodi! Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba. Karibu, mradi usiwe na shida.”

“Ninayo. Kalavati la Bondeni limeziba. Mvua ikinyesha tunazama.”

“Sasa hivi lina maji?”

“Sasa hivi bado.”

“Aah! Basi si langu. Mimi nashughulikia maji yaliyokwisha kufika. Kalavati ni mambo ya barabara. Nenda kwa Nyati.”

Akaenda kwa Nyati, mkuu wa Idara ya Barabara. Nyati alimsikiliza huku akitafuna, akafikiri, akatafuna tena alichokwisha kukitafuna.

“Hebu niambie, mama. Barabara iko juu ya kalavati, au chini?”

“Juu, Mheshimiwa.”

“Umeona? Mimi natazama juu. La chini ni la Kiboko.”

“Kiboko ndiye aliyenituma kwako.”

“Basi andika barua. Tia kwenye sanduku la maoni, pale getini.”

Bi Nguchiro aliandika barua tatu kwa siku tatu. Siku ya nne aliligonga lile sanduku, ko ko ko, ajue kama kuna uhai ndani. Kumbe upo.

“Nani?” ikauliza sauti yenye usingizi. Alikuwa Popo.

“Samahani. Barua zinazotiwa humu, zinasomwa?”

“Zisomwe na nani? Zinalaliwa. Zako zile tatu ni laini kweli, dada. Mungu akubariki.”

Basi Bi Nguchiro akaamua kwenda kwenye kikao chenyewe cha baraza. Wananchi waliruhusiwa kuhudhuria, kwenye benchi la nyuma, bila kukohoa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Ndovu, na mbele yake ilikaa nyundo ya mti. Wajumbe walikuwa saba pamoja naye, Kiboko na Nyati wakiwamo. Pembeni aliketi Kobe, karani, akiandika taratibu, taratibu.

Wakafungua kikao. Wakathibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, ambao hakuna aliyeusoma. Kisha wakajadili rangi ya geti la baraza: ya kijani, au ya kijani iliyokolea? Jua likapanda, jua likashuka. Mwisho kabisa Kobe akasoma, “Ajenda ya tano, Mengineyo. Kero za wananchi. Kero ya kwanza, kalavati la…”

“Go!” ikalia nyundo ya Ndovu. “Waheshimiwa, muda si rafiki. Nafunga kikao. Tusogee kwenye viburudisho.”

Wakasogea, tena kwa mbio ambazo hakuna idara iliyowahi kuziona.

Kikao cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Geti sasa lilikuwa na rangi tatu, na mawingu yalikuwa na moja tu, nyeusi.

Siku ile ya tatu Bi Nguchiro hakutoka na wenzake. Alimfuata Kobe, ambaye alikuwa bado anajiandaa kuanza kusimama.

“Bwana Karani, eti hili baraza lina kanuni?”

Kobe alitoa kichwa chote nje, macho yakamng'aa. Tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. “Linazo, linazo! Thelathini na moja. Nikusomee?”

“Nisomee, kaka. Mimi nina nafasi mpaka masika.”

Akasoma. Bi Nguchiro akasikiliza, mara kichwa huku, mara kichwa kule. Ghafla mkia ukasimama wima.

“Hebu rudia hiyo!”

“Kanuni ya kumi na mbili. Mjumbe atakayetoka kabla ya nyundo ya kufunga atahesabiwa kuwa yupo, na kwamba ameunga mkono yote yatakayoamuliwa nyuma yake.”

“Nani aliitunga?”

“Mheshimiwa Ndovu mwenyewe. Zamani zile Nyati alikuwa na tabia ya kususa, kila akikasirika anatoka, akidi inavunjika. Ndovu akamwekea hiyo. Nyati alinuna miezi minane.”

“Na kwenye Mengineyo, mwananchi anaweza kutoa hoja?”

“Kanuni ya ishirini. Mwananchi yeyote aliyepo. Haijawahi kutumika, ukurasa wake bado unanata.”

Bi Nguchiro alikimbia mpaka Bondeni, chapuchapu, akamkuta Panyabuku.

“Jirani, unapenda matikiti maji?”

“Swali gani hilo?”

“Kikao kijacho, jikoni kwa baraza watapanga matikiti saba, moja kwa kila mjumbe. Nataka yabaki sita. La saba ni lenu, wewe na nduguzo wote.”

“Dada,” akasema Panyabuku kwa upole mkubwa, “hii ndiyo mara ya kwanza serikali kunifikia.”

Siku ya kikao ikafika. Mbingu zilikuwa zinanguruma kwa mbali, ngruuu. Bi Nguchiro aliketi ukingoni mwa benchi, nyuma kidogo ya Kiboko. Alijua hakuna kikao kingine kabla ya mvua.

Ajenda ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa geti: je, lifunguke kwa ndani au kwa nje? Ikapita nayo. Kobe akavuta pumzi na kufunua karatasi. Ndovu akanyoosha mkonga kuelekea kwenye nyundo.

Hapo hapo Bi Nguchiro akainama sikioni mwa Kiboko. “Mheshimiwa, pole sana. Nimepita jikoni. Matikiti leo ni sita.”

Kiboko akahesabu kwa macho. Wajumbe saba. Akahesabu tena. Saba vile vile.

“Samahanini,” akasema, “nimekumbuka maji fulani.” Akainuka, benchi likalia kwii, akatoka kwa ncha za vidole. Kiboko, wanangu, kwa ncha za vidole!

“Huyu anakwenda wapi?” akauliza Nyati.

“Kwenye matikiti,” akasema Bi Nguchiro. “Ni sita.”

“Ati sita? Na sisi saba? Toba!” Puu! kiti kikaanguka, Nyati huyo mlangoni. Wengine wanne hawakuuliza, walifuata vumbi.

Ndovu akabaki mkonga juu ya nyundo, akiutazama ukumbi mtupu. Akaitazama nyundo. Akautazama mlango. Nyundo ilikuwa karibu, lakini matikiti yalikuwa yanapungua.

“Nakuja sasa hivi!” akasema, na ardhi ikatikisika gudu, gudu, gudu mpaka jikoni.

Bi Nguchiro akamgeukia Kobe.

“Bwana Karani,” akasema Bi Nguchiro, “nyundo imelia?”

“Sijaisikia.”

“Basi tuko ajenda gani?”

Kobe aliitazama karatasi yake. Kisha, polepole, pembe za mdomo wake zikapanda. “Ajenda ya tano,” akasema. “Mengineyo. Mwananchi, una hoja?”

Bi Nguchiro akasimama juu ya benchi ili aonekane. “Naomba baraza liazimie kuzibua kalavati la Bondeni kabla ya keshokutwa. Mheshimiwa Ndovu alitoe gogo. Mheshimiwa Kiboko achimbe tope. Mheshimiwa Nyati asukume udongo. Wengine wabebe takataka warudishe zilikotoka.”

“Walioafiki,” akasema Kobe akiandika, “saba. Waliopinga, hakuna.” Akapuliza wino, fuu.

Ndovu aliporudi, mkonga wote ulikuwa mwekundu kwa maji ya tikiti. “Bado mpo? Loo, sijafunga! Go! Kimefungwa. Nibonyeze wapi?”

“Hapa, Mheshimiwa.”

Akabonyeza unyayo wake mwishoni mwa karatasi, kama alivyobonyeza karatasi zote maishani mwake, akaenda zake kulala.

Kesho yake asubuhi Bi Nguchiro alipanda Mlimani na nakala yenye muhuri. Aliwasomea wajumbe wote saba, neno kwa neno. Na Kobe alikuwapo, kwa sababu alianza safari tangu jana.

“Hila!” akanguruma Ndovu, masikio yakapepea papapapa. “Mimi nizibue mtaro? Mwenyekiti mzima? Nani aliamua haya?”

“Wewe, Mheshimiwa,” akasema Bi Nguchiro. “Ulitoka kabla ya nyundo. Kanuni ya kumi na mbili.”

“Kanuni hiyo ilikuwa ya Nyati!”

Nyati aliposikia hivyo alitikisika kwa kicheko mpaka inzi wakamhama. “Ya Nyati, eh? Miaka yote nikiilalamikia mlikuwa mnaniambia kanuni ni kanuni. Mimi leo nasukuma udongo, mzee, tena kwa raha zangu, mradi nikuone na gogo.”

“Naifuta!” akasema Ndovu. “Naifuta sasa hivi, pamoja na azimio lake!”

Kobe akakohoa kidogo. “Inawezekana, Mheshimiwa. Kufuta azimio kunahitaji hoja kwenye kikao kijacho.”

“Vizuri. Iwekwe.”

“Itawekwa. Chini ya Mengineyo.”

Masikio ya Ndovu yakaacha kupepea. Yeye mwenyewe ndiye aliyejua kuliko wote kwamba Mengineyo haijawahi kufikiwa.

“Gogo lenyewe liko wapi?” akauliza kwa sauti ndogo.

Wakateremka. Bondeni nzima ikatoka mashimoni kutazama. Kiboko akajitosa kwenye tope, chubwi! akagundua kwamba tope ni zuri kuliko dimbwi la ofisini. Nyati akasukuma udongo. Ndovu akazungusha mkonga kwenye gogo, akakaza miguu.

“Hyaaa!”

Gogo likalia krrr.

“Hyaaaaa!”

Gogo likachomoka fyatu! na nyuma yake ukaonekana mwanga wa upande wa pili, mviringo, mweupe, kama mlango uliofunguliwa. Wadogo wakapiga vigelegele. Panyabuku alirukaruka mpaka kamba yake mpya ikamfunga miguu. “Ndovu! Ndovu! Ndovu!”

Ndovu alisimama na gogo mkongani, tope mpaka masikioni. Miaka saba ya uenyekiti, hakuna aliyewahi kumpigia kigelegele kwa ajili ya geti. “Kuna lingine?” akauliza.

“Liko la Mtaa wa Chini, Mheshimiwa,” Panyabuku akamwahi. “Na kisima cha upande ule!”

“Andika, Karani, andika.”

Mvua ilianza siku ya kikao kilichofuata, asubuhi. Kule ukumbini Ndovu aliibadilisha ajenda, Mengineyo ikawa ya kwanza. Wengine walisema ni kwa sababu amependa kazi, wengine walisema anaogopa kuiacha nyuma ya mgongo wake. Benchi la wananchi lilijaa mpaka wengine wakasimama, na wakakohoa watakavyo.

Bi Nguchiro hakuwapo. Alikuwa mlangoni kwake, amelaza kidevu juu ya miguu yake ya mbele, anasikiliza maji. Yalishuka kutoka Mlimani kwa kelele, vuuuu, yakafika kwenye barabara, yakaona njia, yakapita chini, chororo, chororo, yakaenda zake. Nyuma yake, kwenye majani makavu, mtoto mmoja alipiga miayo na kufumbua jicho, la kwanza katika yale manane. Akaitazama mvua, akamtazama mama yake, akalifumba tena akalala.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mwenye shida asiondoke kikaoni kabla ya mwenye cheo.