Tundu la Hela

"Tundu la hela halidaiwi."

Hivyo ndivyo Bibi Sikudhani alivyomjibu Mama Zuhura, jirani yetu, aliyekuja kulalamika kwamba mkamwana wake mpya haongei. Anapika vizuri, analima vizuri, lakini akitwanga hata wimbo haimbi. Mama Zuhura alicheka, akajifunga kanga yake upya, akaenda zake. Sisi wajukuu tuliokuwa tukipukuchua mahindi tukabaki tunatazamana.

"Bibi, kwani hela ina tundu?" akauliza binamu yangu Mkasi. "Mbona noti ikitoboka dukani wanaikataa?"

"Hela za zamani, nyingine zilikuwa na tundu," Bibi akasema. "Msiache kupukuchua. Nitawaambia neno hili lilikotoka."

Zamani za Wadachi, katika kijiji cha Kwamazandu, karibu na mto Pangani, alikuwako mchonga vinu jina lake Sempombe. Alikuwa na binti mmoja, Chausiku. Kijana aliyeitwa Hoza alimpenda Chausiku, na Chausiku alimpenda Hoza. Hoza hakuwa na mbuzi wala ng'ombe. Alikuwa na kazi tu, ya kukata mkonge kwenye shamba la Mdachi. Mahari aliyotajiwa aliifanyia kazi misimu miwili.

Siku hizo watu walizijua rupia za fedha na pesa za shaba, na zote zilikuwa nzima. Ndipo Wadachi wakaleta sarafu nyingine wakaiita hela. Jina hilo ndilo tunalolitumia mpaka leo kwa kila namna ya fedha. Hela nyingine zilikuwa na tundu katikati, nazo ndizo Hoza alizolipwa. Akazitunga kwenye kamba ya katani kama shanga, akampa mshenga wake, Mzee Kibwana, azipeleke.

Sempombe hakuwa amewahi kuziona hela za namna hiyo. Alichomoa moja, akaigeuza, akaiinua mpaka kwenye jicho.

"Kibwana," akasema, "namwona mbuzi wako kule nje."

"Ndiyo, yule ni mbuzi wangu."

"Namwona kupitia kwenye mahari ya binti yangu! Fedha gani hii mtu anachungulia mbuzi? Katikati yake iko wapi?"

Mzee Kibwana akasema zimetoka hivyo kwa wenyewe. Sempombe akatikisa kichwa. Aliamini kuna mtu njiani aliyetoboa kila hela akabaki na kipande chake. Labda karani, labda mwenye duka, labda Hoza mwenyewe.

Dada yake Sempombe, Bi Mwanjaa, alikuwa amekaa pembeni akisuka ukili. Huyo alikuwa shangazi yake Chausiku, na hakuogopa mtu.

"Kaka, kile kinu ulichomuuzia mke wa jumbe kina shimo," akasema. "Ule mti uliouchimba ndani ulimpelekea?"

"Kinu ni kinu."

"Na hela ni hela."

"Wewe suka ukili wako!" Sempombe akafoka. Kisha akamgeukia mshenga. "Mwambie Hoza aniletee vipande vya katikati. Nampa mpaka gulio lijalo. Akishindwa, kuna mtu wa ng'ambo ya mto ana mbuzi, na mbuzi wake hawana matundu."

Chausiku aliyasikia hayo akiwa jikoni. Alilia mpaka ugali ukaungua.

Mtu mwingine angekasirika. Hoza alipoletewa maneno yale aliitazama hela moja aliyobaki nayo. Alikuwa amezishika hela hizo misimu miwili, na hata siku moja hakujiuliza katikati yake imekwenda wapi. Akaona mzee ameuliza swali la haki. Akaondoka kwenda kutafuta.

Alianza kwa karani wa shamba la mkonge, kwa kuwa ndiye aliyewalipa mishahara.

"Vipande vya katikati?" karani akacheka mpaka akavua miwani. "Mkweo anadhani tunavila kama maandazi?" Lakini alipokwisha kucheka aliichukua hela, akaingiza ncha ya kalamu tunduni. "Lakini kweli," akasema polepole. "Viko wapi?" Hakujua. Alijua tu kwamba hela zinakuja kwenye masanduku, na masanduku yanakuja kwa meli.

Hoza akaenda stesheni, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeitwa Jiwa.

"Mimi napokea hela kila siku," Jiwa akamwambia. "Ikiwa na tundu nampa mtu chumvi. Isipokuwa na tundu nampa chumvi ileile. Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka kujua kilichotolewa."

Jiwa akakuna ndevu. "Wengine wanasema wametoboa ili watu wazitunge kambani. Wengine wanasema wanabana madini. Lakini sikia, kijana. Hicho kipande hakikuwa hela hata siku moja. Hela ilianza kuwa hela ikiwa na tundu lake. Hakuna aliyekuibia."

Hoza aliona ni maneno ya kweli, lakini maneno hayawezi kuwekwa kiganjani mwa Sempombe. Gulio lilikuwa limekaribia. Akatoka dukani ameinamisha kichwa, akakutana na fundi wa bati aliyekuwa akitengeneza taa za stesheni. Fundi alimsikiliza, akacheka, akachukua mkasi wake. Akakata kipande cha bati, akakipiga tupa, akakitia katika tundu la hela ya Hoza. Kikakaa barabara.

"Nitakukatia vya hela zako zote," fundi akasema. "Mzee kama huyo atajuaje? Oa kwanza!"

Hoza alikigeuza kile kipande kwa muda mrefu. Kiling'aa kuliko hela yenyewe.

Siku ya gulio, watu walikusanyika kwa Sempombe. Ilikuwa desturi mshenga aseme, na kijana akae nje. Lakini Sempombe alimwita Hoza mwenyewe.

"Vipande viko wapi?"

"Havipo, baba."

"Havipo, au hukutafuta?"

Hoza akapiga magoti, akaeleza yote: karani na masanduku yake, Jiwa na chumvi yake, na fundi wa bati. Aliposema vile kipande kilivyokaa barabara, Sempombe aliinua mkono.

"Ngoja. Alikukatia?"

"Kimoja. Nilimrudishia."

"Mjinga wewe!" akasema Mzee Kibwana, naye ndiye mshenga wake. "Ungekuwa umeoa sasa hivi!"

Sempombe hakucheka. "Kwa nini ulikirudisha? Mimi nisingejua."

"Wewe usingejua, baba," Hoza akasema. "Mimi ningejua, kila siku Chausiku akinipakulia chakula."

Bi Mwanjaa aliacha kusuka. Sempombe aliuchukua ule utungo wa hela, akazipitisha moja moja vidoleni mpaka mwisho wa kamba.

"Nilikuwa nadai kitu ambacho hakuna aliyekichukua," akasema. "Na mtu huyu amekwenda kukitafuta. Kibwana, waambie wenzako waje kula. Mahari imetimia."

Bibi akapepeta mahindi yake. Tulidhani amemaliza.

"Kwa hiyo hapo ndipo alipolisema neno hilo?" Mkasi akauliza.

"Hapo bado. Alilisema siku ya harusi."

Hoza alikuja harusini na watu watatu tu, kwa sababu njaa ilikuwa imewamaliza wazazi wake na ndugu zake angali mdogo. Upande wa Chausiku ulijaa ua mzima. Mjomba wa Chausiku, aliyekuwa amekunywa, akasimama akasema kwa sauti, "Shemeji, umetuletea mkwe wa namna gani? Baba yake yuko wapi atupe mkono? Mama yake yuko wapi atupigie vigelegele? Kaka zake wako wapi?"

Ngoma zikasita. Hoza akatazama chini.

Sempombe alikwenda akasimama kando ya mkwewe, akamwekea mkono begani. Akamjibu shemeji yake bila kupandisha sauti, na Bi Mwanjaa akapiga kigelegele kirefu kwa niaba ya mama asiyekuwapo. Ngoma zikarudi. Neno lenyewe likatoka pale uani, likavuka mto, likatufikia sisi:

"Tundu la hela halidaiwi."