Mstari Mmoja wa Saini

Hapo zamani, na wala si zamani sana maana karatasi zenyewe bado zimo kabatini, wakubwa wa nchi walikaa wakaamua watoto wote wapimwe siku moja, saa moja, kwa karatasi moja. Aliyekulia ghorofani na aliyekulia kwenye viazi, wote sawa. Kipimo hicho kikapewa jina refu ambalo hakuna aliyelimaliza kwa pumzi moja, watu wakakiita Kipimo, basi.

Huko juu milimani, shuleni Itulike, Darasa la Nne lilikuwa la Mwalimu Tusekile. Watoto thelathini na mmoja. Tusekile alikuwa mwalimu wa kuimba, wa bustani, wa kuhesabu kwa punje za mahindi. Akaambiwa aache kuimba, aache bustani, afundishe kuchagua A, B au C. Akaacha. Miezi mitatu watoto walichagua A, B na C, mpaka mmoja alipoulizwa na mama yake kama ameshiba akajibu C. Tusekile aliona aibu, ingawa alicheka pia.

Sasa, Itulike ilikuwa na shida ya maji. Chemchemi iko bondeni. Kushuka ni raha, kupanda ni kilio. Kwa hiyo shule ilikuwa na desturi yake: mvua ikigonga bati, Darasa la Nne linaacha kila kitu na kutoka na ndoo na masufuria kukinga maji ya uji. Halisubiri kengele, halisubiri ruhusa. Tusekile aliikuta desturi hiyo, akaifundisha vizuri kuliko waliomtangulia.

Siku ya Kipimo akaja msimamizi kutoka wilayani, Bwana Chambuso, ana saa mbili, moja mkononi na nyingine mfukoni, asije akaibiwa dakika. Akanywa chai vikombe vitatu. Akasoma masharti: atakayetoka kabla ya muda, karatasi yake ni sifuri. Tusekile akaambiwa asimame mlangoni na asiseme neno.

Watoto wakafika swali la saba. Mvua ikianza kunyesha, mtoto mwerevu hufanya nini? A, hufungua mwavuli. B, hukaa barazani akitazama magari. C, hupiga simu nyumbani waje kumchukua.

Hapo hapo mvua ikagonga bati.

Kalamu zikawekwa chini. Watoto thelathini na mmoja wakaenda mlangoni, na mlangoni yupo Tusekile. Angenyoosha mkono tu, wangerudi. Hakunyoosha. Alisogea pembeni wakapita, na ndoo zikajaa. Bwana Chambuso akaandika sifuri mara thelathini na moja, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Baada ya wiki mbili akarudi na barua. Darasa zima lirudie mwaka. Ila mtu mzima mmoja akikiri kwa saini kwamba kosa ni lake, watoto watapimwa upya, na huyo mmoja ataacha kazi ya elimu moja kwa moja. Fomu ya kukiri, iliyoambatana na barua, ilikuwa na mstari mmoja wa saini. Tusekile aliupima kwa macho, akaona majina matatu hayaenei.

Wakakaa ofisini watatu, Tusekile, Mwalimu Mkuu na Bwana Chambuso, fomu katikati.

"Mimi ndiye niliyewafundisha kutoka," alisema Tusekile, "na mimi ndiye niliyesogea. Lakini swali liliuliza mtoto mwerevu hufanya nini, wao wakajibu kwa miguu. Nikisaini, nimesema wanangu walikosea. Hawakukosea."

Mwalimu Mkuu, Mzee Ngailo, akavua miwani. "Paa hili lilikuwa na gata za bati za kukinga mvua, maji yanakwenda tangini yenyewe. Miaka kumi iliyopita nilizing'oa, nikazinyoosha, nikatengeneza bango la Ufaulu Kwanza, kwa sababu kila shule iliagizwa iwe na bango. Gata zingekuwepo, nani angetoka na ndoo? Lakini mimi nilitii agizo. Na nimebakiza miezi minane nistaafu."

Bwana Chambuso akakohoa. "Masharti yananiruhusu kusimamisha saa kukiwa na dharura. Ruhusa hiyo ipo ukurasa wa nyuma. Sikusimamisha. Na ile chai, nimeambiwa, ilikuwa ya maji ya mvua. Lakini Mwalimu, nikisimamisha saa kwa kila ndoo, Kipimo kitakuwa kinapima nini?"

"Swali zuri, Bwana Chambuso," alisema Tusekile. "Ungeliweka kwenye karatasi."

Aliyetunga swali la saba hakuitwa. Yeye yuko mbali, na hana habari kama Itulike ipo.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Sekela wa Darasa la Nne, ametumwa na wenzake. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Shikamoo, Mwalimu. Tunauliza, tukirudia mwaka, tutaimba?"

Moyo ulimuuma Tusekile. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na hakuwa amewahi kutaka kazi nyingine yoyote duniani. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Mkono wake ukaichukua kalamu.

Mzee Ngailo akatazama dirishani. Bwana Chambuso naye akaona kitu cha kutazama huko huko dirishani. Hakuna aliyesema, "Mwalimu, ngoja."

Haya, nyie mliokaa hapa mkinisikiliza. Kama mngekuwa mle ofisini, mngeitoa kalamu ile mkononi mwake? Na mkishaitoa, mngempa nani?