Kwa Nini Upepo Haupigi Hodi

Hapo kale, ukuta na paa viliposhikana kama chungu na kifuniko chake, upepo ulikuwa raia kama raia wengine. Uliletewa amri, ukaitii. Wazee wa Shungwani wanasema taabu yote ilianzia hapo.

Chanzo kilikuwa kilemba. Jumbe wa mji alikuwa barazani na wageni wa heshima, upepo ukapita na haraka zake, ukamvua kilemba, na wageni, Mungu awasamehe, wakauona upara. Kesho yake ikapigwa mbiu: yeyote aingiaye nyumba ya mtu, mwenye miguu na asiye na miguu, apige hodi mara tatu, asimame, angoje mwenye nyumba mwenyewe amkaribishe. Akateuliwa pia Mkaguzi wa Hodi, Bwana Mwinyikombo, mtu wa fimbo na kanzu ya kazi, akawa anazunguka mitaani kusikiliza milango.

Upepo ulitii. Ila upepo ukisimama kungoja jibu, si upepo tena. Ulipiga hodi ya kwanza, ukapiga ya pili, na kabla ya ya tatu ulikwisha kufa kizingitini. Nyumba zikawa tanuri. Walioweza walihamia uani na mikeka yao, wakanywa maji ya mtungi, wakamsema Jumbe kwa sauti ya chini.

Mwanamkasi hakuweza kuhamia popote. Alikuwa ndani ya arobaini yake, na mzazi hatoki. Ubavuni mwake alilala bintiye, mdogo kiasi kwamba hata jina lake halijamzoea. Joto lilimtoa vipele shingoni, kisha likamnyima hamu ya ziwa la mama. Mwanamkasi alimpepea kwa kipepeo cha ukili mpaka mkono ukafa ganzi, lakini kipepeo kilikuwa kikilitoa joto upande huu na kulirudisha upande huu huu. Siku mtoto alipoacha hata kulia, mama yake ndipo alipoogopa hasa. Mtoto aliaye bado anadai haki yake. Anyamazaye ndiye wa kuogopewa.

Mama mkwe wake, Bi Tatu, alijitanda kanga akaenda kwa Mkaguzi kuomba upepo usamehewe kwa nyumba hiyo moja tu. Mkaguzi alimsikiliza kwa adabu sana, maana kusikiliza hakumgharimu kitu, kisha akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Akaambiwa Makame yuko mikokoni, anakata boriti. Basi, akasema Mkaguzi, upepo ungoje Makame arudi.

"Na mtoto je, baba?"

"Sheria, bibi, haina joto wala baridi."

"Naona," akasema Bi Tatu. "Ndiyo maana haitoki jasho."

Alirudi na jibu hilo, akalisimulia huku akikoroga uji wa mzazi mekoni. Mwanamkasi alikuwa chali, macho juu, pale paa lilipokandikwa udongo juu ya ukuta, pasipite hata sisimizi. Uji ukaanza kufoka. Bi Tatu, bila kufikiri, kama alivyofanya maisha yake yote, akafunua chungu, akalaza mwiko juu ya mdomo wa chungu hicho, akakirudisha kifuniko. Mvuke ukatokea ubavuni, uji ukatulia.

Mwanamkasi akautazama mwiko. Akalitazama paa.

"Mama," akasema, "nyumba nayo inafoka. Iwekee mwiko."

Bi Tatu akauepua uji, akatoka kuwaita majirani. Wanawake walikuja na michi yao ya kutwangia. Wakabandua udongo juu ya kuta, wakalisukuma paa, wakapachika chini yake vipande vya boriti za Makame vilivyosalia uani. Paa la makuti si zito kama linavyoonekana. Amri za Jumbe nazo ndivyo zilivyo.

Upepo ulikuwa ukipita zake juu, ukauona mwanya usio na kizingiti wala ubao. Ukasita.

"Hapa nimpigie hodi nani?"

"Hapa si mlangoni," akasema Mwanamkasi. "Usisimame. Pita tu."

Ukaingia upande mmoja, ukatokea wa pili, wala haukungoja kuulizwa hali. Njiani uligusa shingo ya mtoto. Mtoto akapiga chafya, akalia kwa hasira, akalitafuta ziwa. Mwanamkasi akalia naye.

Habari hazifichiki. Adhuhuri ya kesho yake Mkaguzi alifika mlangoni na fimbo yake, akapiga hodi mara tatu. Mwanamkasi alimsikia vizuri. Lakini mwenye nyumba yuko mikokoni, na amri ni amri: nani amkaribishe? Alinyamaza, mkono juu ya mgongo wa mtoto, akimtazama Bi Tatu aliyeuma ncha ya kanga asicheke. Nje, Bwana Mwinyikombo alisimama juani mpaka kanzu ya kazi ikamganda mgongoni. Mwisho akaketi barazani, chini ya upenu, na pale ubaridi uliokuwa ukitoka chini ya paa ukamshukia kichwani. Hazikupita dakika nyingi, ndani wakasikia mkoromo wa kiserikali, mrefu, wenye vituo.

Aliamka alasiri, akaenda kumwambia Jumbe kwamba amekagua nyumba ya Makame na hakuna aliyeingia mlangoni bila hodi. Ilikuwa kweli tupu. Juma hilo hilo watu walimwona nyumbani kwake, juu ya ngazi, na mchi mkononi. Makame naye aliporudi aliuliza nani kainua paa lake. Akaambiwa alale kwanza, ataambiwa asubuhi. Asubuhi hakuuliza.

Na tangu siku hiyo nyumba za Shungwani zikajengwa zikiwa na mwanya chini ya paa. Binadamu hupiga hodi mara tatu, na asiyejibiwa hukaa barazani. Upepo peke yake huingia bila kubisha. Waliokulia chini ya mapaa hayo hawajasahau ule ubaridi wa alfajiri uliowapitia usoni na harufu ya makuti na ya uji wa jirani, bila kuomba radhi. Siku hizi tumeziba mianya kwa dari na misumari, tukanunua feni. Itazame vizuri mchana wa joto la Kaskazi: imesimama pale pale, inageuza shingo huku na huku, kama mgeni aliyepiga hodi na bado hajasikia karibu.