Barua za Lugano

Msomaji hupimwa kwa ukurasa mgeni. Methali hiyo mmeisikia leo shuleni, wajukuu zangu, na mnataka kujua ilikotoka. Ilianza hivi, na mimi nilikuwemo, tena kwa aibu.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu huku kwetu Rungwe. Kila muhula niliwapima watoto kusoma kwa kadi ileile, yenye habari ya mbuzi aliyekula kofia ya babu. Tusajigwe aliisoma bila kukwama. Nikamwandikia kwamba anasoma vizuri sana. Wazazi wake, ambao hawakujua kusoma, wakafurahi mno. Tangu hapo yeye ndiye aliyewasomea barua za kaka yake Lugano, aliyekuwa machimboni Chunya.

Siku ya wazazi akaja mkaguzi, Bi. Nsia. Kadi yangu hakuitaka. Alitoa karatasi yake yenye habari za nyuki, nami nikamtanguliza Tusajigwe. Mtoto akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza kwa sauti safi: mbuzi, kofia, babu. Kidole kilipita juu ya nyuki, mdomo ukasimulia mbuzi mpaka mwisho.

Bi. Nsia akawaita wengine mmoja mmoja. Kati ya watoto arobaini na mmoja, walioisoma karatasi ile walikuwa sita.

Mama Lugano akasimama, akauliza taratibu, “Tusa, na barua za kaka yako?”

Mtoto akainama. “Nilikuwa nasema anatusalimu, mama. Ulikuwa unafurahi.”

Mama alikwenda nyumbani mbio, akarudi na barua tatu. Bi. Nsia aliitazama ya kwanza, akashindwa kuitamka kwa huzuni, akanipa mimi. Nikasoma: “Mama, nimeangukiwa na jiwe mguuni. Kidonda kinaoza. Mwambie baba aje anichukue.”

Ilikuwa imeandikwa miezi minne nyuma.

Baba yake aliondoka siku hiyohiyo. Alimkuta Lugano hospitalini, hai, mguu umeshakatwa.

Tusajigwe sikumlaumu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba anasoma. Kadi ile niliichoma, nikaanza naye upya kwenye silabi, na kila wiki nikampa maandishi asiyowahi kuyaona, hadi akasoma kweli.

Mama Lugano hakunigombeza hata siku moja. Ila kila aliposikia mwalimu akimsifu mtoto kwa kusoma, alimjibu kwa maneno hayo tu: msomaji hupimwa kwa ukurasa mgeni.