Kibofu cha Bi Mwanahawa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mashine za kuchungulia tumbo la mtu zilikuwa zimekwisha kufika, Bi Mwanahawa alipata saratani ya mlango wa kizazi. Hospitalini akaambiwa: kila siku kabla ya mionzi, kunywa maji mengi na usiende msalani. Kibofu kikijaa husukuma utumbo kando, mionzi ikaipiga saratani. Kikiwa kitupu, utumbo huungua.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Bi Mwanahawa akafunga kimyakimya. Alijua mgonjwa ana ruhusa, lakini aliogopa kufa na deni la saumu, na zaidi aliona haya kuonekana na kikombe mchana. Mtaa ule una macho, jamani.

Hospitalini akasema amekunywa. Binti wa kuwasha mionzi, jina lake Tumsifu, hakubishana naye. Alipiga picha kwanza, kama kawaida yake, akaona kibofu kimesinyaa. Akakataa kuwasha mionzi. Kesho yake vilevile. Bi Mwanahawa akarudi nyumbani analia, kwani saratani haimngoji mtu.

Mke mwenzake, Bi Mgeni, alikuwa akimwona akimwagia mchicha yale maji ya kunywa. Aliapishwa asiseme. Akavunja kiapo, akamweleza Mwalimu Salha wa madrasa.

Mwalimu akaja mchana kweupe na jagi mkononi. Naye amefunga, midomo imemkauka, akakaa barazani mbele ya majirani, akammiminia Bi Mwanahawa maji.

"Aliyefaradhisha saumu ndiye aliyekuruhusu kula," akasema. "Kunywa, mwanangu. Anayetaka kusema, aniseme mimi."

Bi Mwanahawa akanywa. Picha ya siku ile ikaonyesha kibofu tele, utumbo umekaa kando, na Tumsifu akawasha mionzi. Matibabu yakaisha, akapona, alhamdulillahi.

Mwaka haujaisha, mkaza mwanawe akajifungua msichana, na jina ni la bibi kutoa. Bi Mwanahawa akasema atampa la aliyemponya. Wale watatu wakaja, nao hawakuona haya kudai.

"Ningeamini maneno yako, mama, ningekuchoma utumbo," akasema Tumsifu.

"Picha iliona kibofu kitupu, haikuona sababu," akasema Bi Mgeni. "Mimi niliisema, dada, na hadi leo hunisemeshi vizuri."

Mwalimu Salha akacheka. "Nyote mliujua ugonjwa. Nani alimnywesha?"

Sasa nyinyi mnaosikiliza, mtoto amepakatwa, wanawake watatu wanamtazama bibi mdomoni: je, aitwe nani?