Chupa Isiyo na Jina

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: Nakunda alimpa mumewe kikapu cha majani, akamuuliza, "Panya wako wameamkaje?"

"Sukari inashuka."

"Wasalimie. Waambie nami nangoja zamu yangu."

Wakacheka. Nakunda naye alikuwa na kisukari, lakini dawa iliyojaribiwa kwa panya tu hapewi mtu. Jioni ile alizimia, asizinduke tena.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana watu watatu na vipaji vitatu.

Nakunda alilijua jani. Mama yake, kule Upareni, alimfundisha lipi la kuchuma na lipi la kuacha. Wengine walipita wakaona kichaka tu.

Mumewe, Dokta Luhende wa chuo kikuu, aliijua kemia. Katika majani yale alitoa flavonoidi, viini vinavyoyapa maua na matunda mengi rangi, akavitia kwenye chupa.

Nkwabi, mtunza panya, alijua kuwashika. Aliwanywesha dawa panya wenye kisukari, akawapima, na sukari yao ikashuka.

Ikashuka mno. Baada ya matanga Luhende akaanza kumshuku. Au anawanyima chakula ili amfariji mfiwa? Akamwambia apumzike, akawahudumia mwenyewe: panya walewale, dawa ileile, kipimo kilekile. Sukari ikapanda. Akamrudisha Nkwabi, akasimama nyuma yake bila kupepesa jicho. Ikashuka.

"Unawapa nini, wewe?"

"Unachonipa, Dokta. Ila wewe unawakamata kama wezi wa kuku! Panya akiogopa, sukari inapaa. Na kwa sura uliyonayo siku hizi, hata mimi naogopa."

"Kumbe dawa ni mikono yako?"

"Hapana. Wale wa kizimba cha pili nawanywesha maji matupu, nawashika vilevile. Sukari yao iko palepale."

Luhende akawapima mwenyewe, mikononi mwa Nkwabi. Ilikuwa kweli.

Chuo kikataka dawa iitwe kwa jina la mtu mmoja.

"La mama Nakunda, bila shaka," Nkwabi akasema, kisha akaongeza taratibu, "ingawa bila mimi ungeimwaga."

Luhende alitaka kuandika Nakunda, lakini sasa alijishuku mwenyewe: ni haki hii, au ni msiba?

Asubuhi iliyofuata alibandika karatasi tupu kwenye chupa, akampa Nkwabi kalamu, akageukia dirishani.

Nkwabi bado ameishika. Haya, mngekuwa ninyi, mngeandika jina la nani?